Mabawa ya Eufrasia

Bawa hupimwa mezani, si kiooni. Leo mmeisikia methali hii kwa fundi seremala, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Kimamba, nyumbani kwa Mzee Pius Banzi, na nawaambia mapema kwamba si ya kuchekesha.

Mzee Banzi alikuwa mkata mkonge. Akitoka shambani alichonga ndege za kuchezea kwa mlingoti mkavu wa mkonge, ule mti mrefu unaobeba maua yake, maana ni mwepesi, na bintiye Eufrasia alizikimbiza uwanjani mpaka mama yake akachoka kumwita. Zilikuwa siku tamu zile, nazikumbuka mpaka leo. Lakini miaka haina breki. Shamba likafungwa, binti akaenda kusomea uchoraji wa mitambo kwa kompyuta, mzee akaingiwa na ukungu machoni. Ikabaki ndege moja tu, tena kiwiliwili kitupu, mabawa yameliwa na mchwa. Darini ulibaki mlingoti mmoja mkavu.

Eufrasia alipokuja likizo alitaka jambo moja: baba aione ndege ile ikiruka kabla macho hayajazima. Akapima kiwiliwili, akachora mabawa kwenye kompyuta wiki nzima, akiyageuza huku na huku kiooni mpaka moyo wake ukaridhika. Akaenda kuchapisha dukani. Mashine ya pale, ili mchoro uenee kwenye karatasi, iliupunguza kidogo, wala hakuna aliyegundua.

Akabandika karatasi juu ya mlingoti, akashika kisu. Mzee akanyoosha mkono.

“Ngoja kwanza nipime kwa shubiri, mwanangu.”

“Baba, kompyuta haikosei hata milimita.”

Mzee akarudisha mkono wake mapajani. Eufrasia akakata.

Alipoyachomeka, mabawa yalicheza kama jino bovu. Wakairusha hivyo hivyo, ikapiga pua chini baada ya hatua tatu tu. Ndipo mzee akayapapasa, akapima kwa vidole, yakapungua karibu upana wa kidole. Hakumgombeza.

“Umechora vizuri kuliko mimi,” alisema. “Ila bawa hupimwa mezani, si kiooni.”

Mlingoti mwingine ukatafutwa, lakini mkonge mbichi haukauki kwa kubembelezwa. Ulichukua kiangazi kizima. Safari hii Eufrasia alilaza karatasi mezani, akaweka rula, akapima mara tatu ndipo akakata. Ndege ikaruka, ikavuka uwanja wote wa shule, na watu wakaacha kazi zao kuitazama.

Mzee Banzi alikuwa ameketi kitini, uso wake umeelekea upande mwingine kabisa.

“Iko wapi sasa?” akauliza.

Eufrasia akamshika kidevu, akamgeuza taratibu. “Iko hapo, baba.”

Mzee akatabasamu kuelekea huko, na binti akalia waziwazi mbele za watu. Kwa hiyo mkimsikia fundi anawaambia, msicheke tena. Bawa hupimwa mezani, si kiooni.