Chiriku wa Kipupwe

Ndugu zangu, kule nyanda za juu kipupwe kikibana, chiriku hushuka kutoka milimani wakaingia uani mwa watu. Karani mmoja mstaafu alikuwa nao kila asubuhi. Yeye huketi na kikombe cha uji akiwatazama, mkewe anapeta ulezi wa kesho. Mke akafariki. Kipupwe kilichofuata, mzee akatoa viti viwili kwa mazoea, akakalia kimoja, akasubiri. Hakuja hata chiriku mmoja.

Kwa kuwa alikuwa karani, akaona hilo ni jambo la ofisi. Akaenda ofisi ya maliasili kulalamika kwamba ndege wamepotea.

“Hao ndege ni wako?” ofisa akamwuliza.

“Ni wa Mungu.”

“Basi mzee, mlalamikaji ni mwenye mali. Mwambie aje.”

Mnacheka. Mzee hakucheka, asubuhi zake na mkewe zilikuwa zimebaki kwa ndege wale tu. Akashika fimbo, akaanza kupanda milima kuwatafuta, shingo juu kama mtu anayesoma tangazo. Siku moja akawaona, kundi zima, miguuni mwa mama mmoja aliyekuwa akipeta ulezi nje ya jiko lake.

“Mwanangu, unawaitaje hawa?”

“Nani awaite, baba? Mimi napeta, wao wanaokota. Kwani kwako hakupetwi?”

“Alikuwa anapeta mke wangu. Tumemzika.”

“Pole, baba.” Mama akatikisa ungo. “Na ungo mlizika naye?”

Mzee akashika fimbo yake. Akashuka mlima. Ungo ulikuwa ukutani, pale pale alipoutundika mkewe. Akapeta. Alipeta vibaya mno, ulezi mwingi ukamwagika; chiriku hawakuona kosa. Walikuja. Kiti cha pili kilibaki kitupu, lakini ua ulikuwa na sauti.

Je, sisi? Tumemzika mama aliyewapikia wageni, leo twauliza mbona ndugu hawaji. Tumemzika baba aliyetukusanya kwa sala ya jioni, leo twamwuliza Mungu mbona yuko mbali. Kuwatamani waliotangulia si dhambi. Mimi pia nina kiti changu kitupu. Lakini wewe unayepanda mlima kutafuta kilichokuwa kikija chenyewe mlangoni kwako, ukifika nyumbani leo, tazama ukutani. Na usingoje mpaka ujue kupeta.