Konokono Waliolala Chali

Palikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, ambaye hata akikaa, mguu wake mmoja uliendelea kutikisika. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine mmekaa nao benchi moja asubuhi hii, na benchi linatikisika.

Mkewe alikuwa na tangi kubwa la kioo sebuleni, limejaa maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na mchanga mweupe, mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na matumbawe hai aliyoyatunza tangu yakiwa madogo kama ukucha. Basi binti yao Tunu akajifungua huko Mwanza. Kama ilivyo desturi, mama akafunga mzigo kwenda kumkanda mwanawe kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini ipite. Alipofika mlangoni akageuka.

"Baba Tunu, sikuombi mengi. Hao walio ndani ya maji, nikirudi niwakute wazima."

Mzee akaahidi. Na aliahidi kwa moyo wake wote. Hilo mlishike, maana mtu huyu hakuwa mbaya.

Haukupita muda, kioo kikaanza kuota utando wa kijani. Mzee hakutulia tena. Asubuhi alikifuta kwa sponji, mchana akakifuta tena, na samaki wakawa wanakimbilia nyuma ya mawe kila walipouona mkono wake. Mwishowe akaenda kwa bwana mmoja auzaye samaki wa mapambo, kwa kuwa alisikia kwamba konokono wa baharini huula utando ule.

Muuzaji akamwonyesha aina mbili. Wa kwanza walikuwa wadogo, wa mviringo, wanaokula taratibu na kupenda kujifukia mchangani. Wa pili walikuwa na gamba lililochongoka kama pia ya kuchezea, na kila walipopita kwenye kioo waliacha njia safi nyuma yao. Mzee hakuwaangalia wale wadogo mara ya pili.

"Hawa wa pia ni wachapakazi," akasema muuzaji. "Ila wana udhaifu, mzee wangu. Wakidondoka mchangani wakalala chali, wengi hawawezi kujigeuza. Wale wadogo hujigeuza wenyewe. Hawa wanahitaji mtu."

"Mtu yupo," akasema mzee, mkono tayari uko kwenye mfuko wa konokono. "Mimi nashinda nyumbani."

Watoto mlioketi mbele, nisaidieni. Kushinda nyumbani na kuangalia, ni kitu kimoja? Namwona mmoja anatikisa kichwa. Asante, mwanangu. Wakubwa, mmemwona?

Konokono wakafanya kazi, na kioo kikang'aa. Mzee akapiga picha, akamtumia mkewe. Kisha konokono mmoja akadondoka. Akalala chali mchangani, unyayo wake laini umenyooka, unapapasa huku na huku ukitafuta pa kushika. Mzee akapita, akamwona. Akasema moyoni, huyu ameshiba, anapumzika. Akaendelea na safari yake ya kwenda dirishani na kurudi.

Utando ulipochomoza tena pembeni, mzee akaona konokono wake wamekuwa wavivu. Akarudi dukani. Muuzaji akauliza habari za wale aliokwisha kumuuzia, akajibiwa kwamba wamechoka, wanatakiwa wenye nguvu. Wenye nguvu wakaletwa. Wakagongana na wenzao kwenye kioo, nao wakaanza kudondoka. Mzee akaenda kuongeza wengine.

Mkewe alipopiga simu aliuliza, "Wako vipi?"

"Kioo kinang'aa, Mama Tunu."

"Sikuuliza kioo."

Mzee akaingiza haraka habari za mjukuu. Anafanana na nani, analia sana, ameanza kucheka?

Kisha maji yakaanza kunuka. Matumbawe yakajifunga kama ngumi. Samaki wakapanda juu, midomo wazi. Mzee akahangaika kweli kweli: akaongeza kasi ya pampu, akahamisha mawe, akayarudisha, akafuta kioo ambacho hakikuwa na doa. Siku mkewe aliporudi, alimkuta pale pale, sponji mkononi.

Mama yule hakuutazama ule mng'ao. Aliweka mkoba chini, akakunja mkono wa blauzi mpaka begani, akautumbukiza mkono mpaka mchangani. Akatoa gamba moja, akalinusa, akaliweka kwenye sahani. Akatoa jingine. Magamba yakawa yanalia sahanini, moja baada ya moja, na mzee amesimama kando, mguu wake umetulia kwa mara ya kwanza. Hatimaye mama akapata mmoja mwenye uzito tofauti. Akamgeuza, akamshikiza kwenye kioo kwa kidole kimoja, akangoja. Wakangoja wote wawili. Unyayo ukatoka polepole, ukashika.

"Nilidhani wamelala," akasema mzee.

"Ulikuwa unapita hapa, Baba Tunu?"

Mzee akaitazama sponji mkononi mwake. Alikuwa akipita kutwa nzima.

Ndugu zangu, na sisi? Sisi tunachaguaje watu wetu? Tunatafuta anayeacha njia safi nyuma yake. Huyu ana sauti, apewe kwaya. Yule hachoki, msibani awekwe jikoni. Tunawapenda kwa kazi yao, na siku wanapodondoka tunasema wamepoa. Tunasema wanapumzika. Kisha tunachagua wengine wenye nguvu, tena upesi, maana sikukuu inakaribia na kioo lazima king'ae.

Na kinang'aa. Sakafu yetu imepigwa deki, wageni wanatusifu. Lakini tukiulizwa kama walio ndani ni wazima, tutajibu habari za kioo?

Yupo mama aliyekuwa akiyapanga maua haya ya madhabahuni mnayoyaona. Leo yamepangwa na mwingine, na yamependeza. Sitamtaja, mnakijua kiti chake. Nyumba yake iko njiani kwenda sokoni. Ni nani kati yetu hajapita mlangoni pale wiki hii? Tumepita, na pazia limefungwa mchana, na tumesema, bila shaka amelala.

Hajalala. Anapapasa.

Nilikuwa nimeandaa sala ndefu ya kumwombea. Nimeifupisha, mpate kutoka mapema. Kumgeuza mtu hakuhitaji nguvu nyingi, kidole kimoja kinatosha. Ila hakuna aliyewahi kumgeuza konokono bila kulowa. Kunjeni mikono ya nguo zenu, twende.