Zeituni Alilala Siku Tatu Bila Kufika

Corona ilipofunga barabara, Zeituni, fundi cherehani wa Mombasa, alimpigia simu Bwana Mbwarahaji amrudishie pesa alizolipia kulala siku tatu katika nyumba yake ya wageni, nje ya mji, kwani hakuweza kusafiri.

"Nyumba ilikuwa wazi, bibi," alijibu tajiri yule. "Kwa hesabu yangu ulikuja, ukalala, ukaondoka."

"Sawa, baba. Basi niandikie hivyo, mume wangu asije akanigombeza."

Mbwarahaji alimwandikia ujumbe kwa furaha: Zeituni wa Mombasa amelala kwangu siku tatu, nami nilimpokea mwenyewe.

Kesho yake bwana afya alisimama langoni na kufuli. "Umempokea mgeni kutoka mji uliofungwa. Utafungiwa humu siku kumi na nne."

"Hakuja mtu hapa."

Bwana afya akamwonyesha ujumbe wake mwenyewe, uliotumwa na Zeituni kwa simu.

Mbwarahaji alimpigia Zeituni simu mbio mbio. "Mwanangu, mwambie hukuja."

"Nitamwambiaje sikuja, baba, na malazi nimelipa?"

Pesa ziliingia kwenye simu ya Zeituni kabla kufuli halijafungwa. Ndipo Zeituni akaomba kuzungumza na bwana afya.

"Kweli sikufika," alisema, "ila naambiwa nililala vizuri sana."