Maneno Aliyonyimwa Mama

Wahenga walipotuambia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, walimaanisha kuwa kazi ya wengi haimalizwi na mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Yupo kitinda mimba mmoja aliyeisikia methali hii tangu utotoni, ikamwingia sikio hili na kutokea lile.

Kiharusi kilipomnyang'anya mama yake kauli na mkono wa kuandikia, kijana huyo, ambaye kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta, alimtengenezea moja kwenye kishikwambi. Maneno yalipangwa kwenye kioo. Mama akigusa neno, sauti hulitamka. Majirani walimsifu hadi akavimba kichwa. Taabu ni kwamba maneno yenyewe aliyachagua peke yake: maji, dawa, asante, ndiyo, hapana, na mengine ya mgonjwa mpole. Mama hakuwahi kuwa mpole hata siku moja.

Basi Mama akawa analia kwa hasira ya kukosa la kusema. Kijana akakata shauri kwamba ule ni upweke, na kwamba Jumamosi angemhamishia kwake.

Dada yake, mwalimu wa kompyuta, alimwomba msimbo, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, ili yeye na wenzake waongeze maneno.

"Jasho langu walichezee walimu wenzako? Wataniibia!"

"Aibe nani? Mama anataka kuongea, wewe!"

"Nitaongeza mwenyewe nikipata nafasi."

"Nafasi, nafasi! Kila siku wimbo huohuo. Umenichosha, mdogo wangu, umenichosha!"

Nafasi haikupatikana. Jumamosi ilipofika, sufuria zilikuwa zimeshafungwa kwenye maboksi. Mama akagusa kioo. "Hapana."

"Hutaki maji, Mama?"

"Hapana. Hapana. Hapana."

"Hapana nini sasa?" aliuliza kijana.

Mama alitafuta neno, akalikosa, akakisukuma kishikwambi kikaanguka sakafuni. Dada uzalendo ukamshinda.

"Unamhamisha mtu ambaye hujamwachia hata neno la kukukatalia!"

Kijana aliona aibu. Aliketi juu ya boksi, akatoa kompyuta yake na kumtumia dada msimbo wote. Gari la mizigo likaambiwa lisubiri. Walimu wawili walikuja, wakagawana kazi. Shoga yake Mama wa nyumba ya pili, aliyegombana naye na kupatana naye miaka nenda miaka rudi, akawatajia maneno: sitaki, kwangu, rudisha, nyamaza, koma, na mengine mengi. Kufikia alasiri, kazi iliyomshinda mmoja kwa miezi ilikuwa imekwisha.

Mama alipewa kishikwambi. Aligusa neno moja moja, bila haraka, na sauti ikasema:

"Sitaki kuhama. Hapa ni kwangu. Rudisha sufuria zangu jikoni. Na koma kuniletea maji."

Kijana alicheka huku machozi yakimtoka, akainua boksi la kwanza kulirudisha jikoni. Likamlemea, ikabidi dada yake ashike upande wa pili. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.