Nani Ashike Dele la Bi Somoe?

Sogeeni. Wewe mwenye simu, izime au kaa nje. Hadithi yangu haina zimwi wala sungura. Ina wanawake wanne, jiko moja na kahawa, na mwisho wake mimi sinao. Mwisho mnao nyinyi, kwa hiyo sikilizeni kama mahakimu, msisikilize kama watu wanaosubiri chakula kiive.

Palikuwa na nyumba moja Ngamiani, mjini Tanga, yenye baraza pana mbele, na mwenye nyumba alikuwa Bi Somoe, mjane wa Mzee Kibwana. Kila siku baada ya sala ya alasiri Bi Somoe alitoka na dele lake la shaba, lile birika refu la kahawa lenye mdomo uliochongoka, akawamiminia jirani kahawa ya tangawizi na iliki. Watu walipita wauza kahawa watatu njiani ili wafike kwake. Na katika ukoo ule dele halikuwa chombo cha jikoni tu. Anayemimina mbele ya baraza ndiye mama wa nyumba. Ndiye anayepokea washenga, ndiye anayesema nani aalikwe na nani asipewe habari, na akishamimina mara moja tu mbele za watu, halimtoki mkononi mpaka alitoe mwenyewe.

Sasa vipaji vyao.

Mwantumu, binti pekee wa Bi Somoe, alikuwa na sikio. Alijua nani anapita nje kwa mlio wa kandambili, na akiwa amelala chumbani angekwambia wali umekauka maji jikoni. Alikuwa ameachika Muheza, amerudi kwao na sanduku moja na maneno mengi.

Bi Saumu, mke mwenza, alikuwa na mkono. Hakuwahi kugusa kijiko cha kupimia maisha yake yote. Alitia viungo kiganjani, akakitikisa kidogo, basi, kipimo kimetosha. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka hapo. Mzee Kibwana alikuwa na miaka tisa kaburini, lakini wake zake walikuwa bado wanamgombea kama vile atarudi jioni.

Hiyari, mke wa mtoto wa kiume wa Bi Somoe, alikuwa na jicho. Angetazama ungo wa mchele mara moja akatoa vijiwe vitatu ambavyo wewe ungevitafuna. Alitoka Mlalo, juu kwenye milima ya Usambara, na alikuwa na miaka sita ndani ya nyumba ile. Mgeni akiuliza huyu nani, Bi Somoe alijibu, "Huyo ni mgeni wetu wa mlimani." Alisema bila ubaya, akitabasamu, na kila aliposema Hiyari aliumia. Miaka sita anadeki nyumba, bado ni mgeni. Sitawaficha: alilitaka dele lile kuliko mkufu wa dhahabu.

Basi ikampata Bi Somoe homa kali, akalala siku kumi na mbili. Akainuka, lakini ulimi na pua havikuinuka naye. Biriani ikawa kwake sawa na karatasi iliyoloweshwa. Walimpikia supu ya kuku yenye pilipili manga mpaka Mwantumu aliyeikoroga akatokwa machozi. Bi Somoe akainywa yote, kisha akauliza kwa upole kama imetiwa chumvi. Daktari alisema wasubiri. Wakasubiri miezi minane. Mama akawa anakula vijiko viwili, kisha kimoja. Bangili zikaanza kumvuka mkononi zenyewe, na dele likafunikwa kitambaa. Baraza ikabaki tupu.

Asubuhi moja akasukuma sahani.

"Msinipikie tena," akasema. "Nimechoka kutafuna."

Hiyari akaiondoa sahani. Alimpenda mkwewe, pamoja na lile neno la mgeni. Mwantumu akaanza kulia, na mama yake akamkemea.

"Usinililie ningali hai. Sikilizeni. Atakayenifanya nisikie ladha, dele ni lake. Awe nani awe. Nimesema."

Neno hilo halikukaa ndani. Kabla ya adhuhuri lilikuwa limeshafika nyumba ya pili.

Hiyari ndiye aliyetangulia. Akapanda gari kwenda Mlalo kwa baba yake, Mzee Shekalaghe, ambaye amelima kahawa miaka arobaini na hajawahi kunywa kikombe kimoja cha buni zake. Kule watu wanakunywa chai. Kahawa ni ya kuuza.

"Yaani umeolewa na watu wanaokunywa ada ya shule," mzee akamwambia.

"Nipe zile ulizojiwekea, baba."

Mzee akampa ungo mmoja. Hiyari akakaa nao siku tatu mlangoni penye mwanga. Iliyotobolewa na mdudu, akatupa. Iliyovunjika, akatupa. Iliyochumwa mbichi, ambayo wewe na mimi tusingeitofautisha, akaitupa pia. Ungo mzima ukabaki vibaba viwili. Macho yalimwasha mpaka akawa anayakanda kwa kitambaa cha maji baridi, lakini alirudi Tanga na buni ambayo kila punje yake ilikuwa imetazamwa.

Mwantumu akapokea hapo. Akawasha mkaa, akateleka kikaango, akatoka mlangoni kuuomba mtaa unyamaze. Fundi cherehani wa mbele akasimamisha mashine, na mwenye redio akaizima akinung'unika. Kibaba cha kwanza akakikaanga kwa kusikiliza, kikatwangwa, kikachemshwa kitupu bila kiungo. Bi Somoe akanywa.

"Maji ya moto," akasema.

Mwantumu hakukata tamaa. Kibaba cha pili akakikaanga ameinamisha sikio mpaka nywele zikanuka moshi. Buni ikalia mara ya kwanza, kwa kishindo kidogo kama kuni kavu, akaendelea kukoroga. Ikalia mara ya pili, kwa sauti nyembamba, na kabla haijamaliza akaimwaga kwenye ungo na kuipepea. Kiganja kilimbabuka kwa ile haraka. Hiyari alitazama zile punje zilivyong'aa, zote rangi moja, akamkubali wifi yake moyoni ingawa hakumwambia.

Hapo ndipo Bi Saumu alipoingia, kanga begani, hajaalikwa.

"Nani kamleta huyu?" Bi Somoe akauliza kutoka kitandani.

"Miguu yangu," Bi Saumu akajibu. "Nimesikia unataka kufa. Nikasema, na nani nitagombana?"

"Rudi kwako."

"Nitarudi nikishamaliza. Hiyari, nipe kinu."

Akatwanga buni, akaponda tangawizi, akavunja mdalasini, akatia kila kitu kwa kiganja. Kisha akageukia makopo ya viungo vya unga. Hapa lazima niwaeleze. Bi Somoe aliweka viungo vyake kwenye makopo ya maziwa ya unga, sita, yote sawasawa, bila alama hata moja. Kuandika jina juu ya kopo aliona aibu. Mtu asiyejua kunusa, alikuwa akisema, anatafuta nini jikoni? Kwa hiyo wote walijua: kopo la tatu ni iliki, basi.

Bi Saumu akafungua kopo la tatu. Hiyari alikuwa karibu, akaona pua ya mama yule ikisita juu ya kopo. Akamwona akitupa jicho chumbani kwa mke mwenziwe. Kisha Bi Saumu akajaza kiganja, akakitikisa, akatia deleni, na kwa mara ya kwanza Hiyari kumwona, akaongeza kiganja cha pili.

Kahawa ikachemka, ikatuama. Wakampelekea Bi Somoe kikombe kidogo. Akanywa kama anavyokunywa dawa, bila hamu.

Akakohoa. Akakohoa tena, machozi yakamtoka, Mwantumu akamrukia kumshika mgongo. Bi Somoe akamsukuma.

"Niache," akasema. "Inachoma."

Mwantumu akauachia mgongo.

"Inachoma kooni," akasema tena, na akanywa nyingine. Akafumba macho. "Na kuna uchungu. Subiri. Kuna uchungu, na nyuma ya uchungu kuna moshi kidogo, na nyuma yake... hii ni tangawizi. Mwantumu, hii si tangawizi?"

"Ni tangawizi, mama."

"Nasikia tangawizi," Bi Somoe akasema, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Leteni kashata. Leteni chochote. Kuna muhogo humu ndani? Njaa inaniuma, jamani, njaa."

Hapo vigelegele vikapanda. Bi Saumu alipiga cha kwanza, Mwantumu akadakia, na Hiyari, ambaye vigelegele vya pwani vilikuwa havimtoki vizuri, siku hiyo vilimtoka mpaka mtaa wa pili. Fundi cherehani akaja na futi yake ya kamba bado shingoni. Mwenye redio akaja akaifungua kwa sauti yote. Bi Somoe akala muhogo wa nazi sahani mbili, akaisifu chumvi, akalilaani tui kwamba ni jepesi, na watu wakashangilia alivyolaani. Hiyari alimtazama akitafuna na moyo ukamjaa. Mama alikuwa amerudi.

Baraza ikajaa kama zamani, wote wanataka kahawa. Mwantumu akaingia jikoni kuandaa dele la pili, akachovya kidole kwenye kopo la tatu, akalamba. Akatoka nalo mkononi.

"Hii si iliki," akasema. "Hii ni pilipili manga. Nani kaijaza humu?"

Bi Somoe akajishika kichwa.

"Ni mimi. Nilijaza nilipopata nafuu ya homa, nikanusa, sikusikia kitu, nikasema itakuwa iliki tu."

"Na mimi nilijua," Bi Saumu akasema. "Nilinusa."

"Ukatia?"

"Nikatia. Viganja viwili."

"Ulitaka kumkomesha mama yangu," Mwantumu akasema.

"Nilitaka asikie," Bi Saumu akajibu, kisha akatabasamu. "Na kumkomesha pia. Lakini yuko hai au hayuko hai? Dele nipeni. Mzee Kibwana mwenyewe aliniahidi."

"Mama mdogo, pilipili manga tulishampa kwenye supu, hakuisikia," Mwantumu akasema. "Kilichomwamsha ni ule uchungu, na uchungu umetoka kwenye kikaango changu. Kiganja hiki hapa kimebabuka. Dele ni langu, na ni la mama yangu."

Hiyari akasogea mbele. Miaka sita alikuwa akinyamaza mahali kama hapo.

"Kikaango chako kimeshachoma buni za dukani miaka yote, wifi," akasema. "Miezi minane mama hakusikia chochote. Ameanza kusikia siku buni zangu zilipoingia humu ndani. Mimi nimezitazama moja moja."

"Kibaba cha kwanza cha buni zako kilikuwa maji ya moto," Mwantumu akamkumbusha.

"Na kibaba cha kwanza alikikaanga nani?"

Jirani wakaanza kugawanyika pale pale. Fundi cherehani akasema mwenye buni. Mkewe akasema mwenye sikio, na akamwambia mumewe anyamaze. Mwenye redio akasema ni Bi Saumu bila shaka. Mzee mmoja wa kona akauliza mbona hakuna anayemtaja Bi Somoe. Si yeye aliyejaza kopo? Bila kosa lake, Bi Saumu angetia pilipili ipi? Huenda dele amelipata mwenyewe, na alishike tu mpaka Mungu amchukue.

Bi Somoe akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane kusimama bila kushikwa. Akafunga mpini wa dele kwa pindo la kanga, maana lilikuwa la moto, akalibeba mpaka mlangoni mwa baraza. Watu wakamgeukia, kila mmoja na kikombe chake.

Mwantumu akanyoosha mkono wenye lengelenge. Bi Saumu akanyoosha wake, ule usiojua kijiko. Hiyari alisita. Alijua wanaume wa baraza wote wanamtazama, na mtu atakayeondoka na mikono mitupu ataondoka nayo mbele ya mtaa mzima. Kisha naye akanyoosha wake, wala hakuurudisha.

Bi Somoe akawatazama mmoja mmoja. Akafika kwa Hiyari akasema, taratibu, "Na wewe, mwanangu." Kisha akawageukia watu wa barazani. "Mimi niliahidi nikiwa sina ladha. Sasa ninayo, na kila ninachokisikia ulimini kina mkono wa watu watatu, na upumbavu wangu juu yake. Nimeshindwa. Semeni nyinyi."

Nami nimewafikisha hapo, sina zaidi. Yule wa mlimani aliyetupa punje, yule aliyeusikiliza moto, yule aliyejua ni pilipili na akatia, au mwenye kopo mwenyewe? Msiniambie wagawane, dele lina mpini mmoja. Haya, wewe ungempa nani? Sema upesi, vikombe viko mikononi mwa watu na kahawa inapoa.