Binti Sultani na Matikiti ya Bonde la Sumra

Hapo zamani za enzi na taji, katika jangwa lililo mbali na kila bahari, ulisimama mji wa Tarmuzi wenye kuta nyeupe na milango ya shaba, na aliyeutawala alikuwa Sultani Hamdani bin Rashadi, mtu wa haiba na adhama, mkarimu kwa wageni na mpenzi wa kula vizuri. Hakujaaliwa mtoto ila binti mmoja, Sayyida Rauhiya, na binti huyo alirithi kwa bibi yake pete ya akiki nyekundu iliyomfunga jini aitwaye Dahnaji, naye jini alilazimika kutii kila neno la mwenye pete.

Rauhiya hakuitumia pete ile kubomoa ngome wala kufukua hazina. Alimpenda baba yake, na alijua kuwa hakuna kilichomfurahisha kama matunda mabichi asubuhi, basi kila alfajiri alimwamuru Dahnaji alete matunda yaliyo bora kabisa katika nchi, na jini aliinama na kutoweka na kurudi kabla maji ya udhu hayajakauka mikononi mwa watu, na sinia la fedha likajaa matikiti mekundu, na makomamanga, na zabibu, na tini zilizopasuka kwa utamu. Wageni waliovuka mchanga siku nyingi bila kuona jani walipigwa na butwaa.

Siku moja mke wa balozi alionja kipande cha tikiti, akamuuliza Rauhiya kwa adabu limelimwa wapi, maana angependa kupaona. Rauhiya hakupajua, akamsogezea sinia ale zaidi. Wageni walipoondoka akamwita Dahnaji na kumuuliza, akaambiwa kwamba yote hutoka humu humu jangwani, kwenye chemchemi na visima vya nchi ya baba yake, ambako watu wana mashamba na masoko yao. Habari hiyo ilimshangaza kuliko miujiza yote ya jini, kwani tangu azaliwe alidhani nje ya kuta za Tarmuzi hakuna ila mchanga.

Akaenda mbele ya baba yake, akapiga magoti, akasema, "Baba yangu na Seyyid wangu, Mungu akuzidishie umri. Nimekula matunda ya nchi hii maisha yangu yote na sijaiona nchi yenyewe. Nipe ruhusa niyatembelee masoko ya visimani, nikirudi nikusimulie."

Sultani alisita, kwa sababu binti ni mmoja na njia ni ndefu, lakini hakuwa na desturi ya kumnyima, naye akamruhusu kwa sharti kwamba ajifanye binti wa mfanyabiashara na arudi kabla mwezi mwingine haujaandama. Basi Dahnaji akajigeuza mzee mnene wa kubeba vikapu, na wote wawili wakaondoka juu ya ngamia.

Walifika kwanza Ain Hadra, ambako soko hukaa kila Ijumaa chini ya mitende, na Rauhiya akaona mikeka imetandikwa mpaka ukingoni mwa maji, na juu yake bamia na matango na vitunguu vyenye udongo bado mbichi, na jibini ya maziwa ya mbuzi iliyofungwa kwa majani, na asali ya maua ya mgunga, na tende za rangi ambazo hakujua kama zipo. Kila muuzaji alimwonjesha kabla hajamuuliza atanunua nini. Aliposhika tini na kuiminya, mama mmoja aliyekaa nyuma ya kapu akamtoa mkono taratibu.

"Tini haiminywi, mwanangu. Itazame shingo. Ikiinama, imeiva."

Rauhiya akacheka na akaomba radhi, na akanunua kapu zima. Kutoka hapo wakaenda Bir Khudari, ambako soko hufunguliwa alfajiri na kufungwa kabla jua halijachoma, na kutoka Bir Khudari wakaenda kwingine, na kila mahali Rauhiya aliketi na wanawake kwenye mikeka, akajifunza kutofautisha mnanaa wa maji matamu na mnanaa wa maji ya chumvi. Dahnaji naye, aliyewahi kuhamisha mlima kwa bega moja, aligundua raha ya kubishania bei ya fungu la bizari, na mara nyingi Rauhiya alilazimika kumvuta kanzu ili safari iendelee.

Ndipo walipofika Bonde la Sumra, na kando ya njia wakakuta kibanda cha makuti mbele ya shamba, na ndani ya kibanda amekaa kijana mrefu aitwaye Nadhiri bin Suwedi pamoja na mama yake, Bi Hababa. Mezani palikuwa na matikiti machache madogo, yasiyolingana. Nadhiri aliwakaribisha, akawapa maji ya mtungini, na akawaomba radhi kwa uchache wa bidhaa.

Rauhiya alipouliza kulikoni, akasimuliwa kwamba shamba lile huzaa matikiti makubwa kuliko yote bondeni, lakini kila yanapoiva, alfajiri ya kuyavuna, yale bora hutoweka mashinani pasipo unyayo wala alama ya kisu. Nadhiri aliwahi kulala katikati ya matuta, na bado yaliondoka yeye akitazama. Majirani wakaanza kusema ardhi ile ina mashetani, wateja wakawa wanapita mbali, na sasa mama na mwana walikuwa wameshakubaliana kukifukia kisima na kuondoka na msafara ujao, wakatafute kibarua katika miji ya watu.

Nadhiri alipokwisha kusema akapasua tikiti moja dogo na kumpa mgeni wake kipande. Rauhiya akatia mdomoni, na moyo ukamwanguka, kwa sababu aliijua ladha ile kama anavyoijua sauti ya baba yake. Akamtazama Dahnaji. Jini alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Akamwita pembeni, nyuma ya mti wa mgunga. "Ni wewe?"

"Ni mimi, bibi yangu. Uliniagiza yaliyo bora kabisa katika nchi. Bora kabisa yako hapa."

"Na makomamanga? Na tini?"

"Kila kimoja kina shamba lake, bibi. Hukuniuliza ni la nani." Kisha, alipomwona anafuta machozi, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asijisumbue, yeye anaweza kuleta gunia la dhahabu mara hiyo hiyo, waliache kibandani na kwenda zao.

"Dhahabu hiyo utaitoa katika kasha la nani?" akauliza Rauhiya.

Rauhiya akaigeuza pete kidoleni. Alifikiri jina la baba yake litakavyosemwa masokoni, na alifikiri pia kisima kilichokuwa kinangoja kufukiwa, na mwishowe akarudi kibandani, akavua shela lake la binti wa mfanyabiashara, akawaonyesha pete, na akawaeleza yeye ni nani na alichokifanya bila kujua, asifiche hata kidogo. Bi Hababa akashika kifua. Nadhiri hakupandisha sauti. Aliuliza jambo ambalo Rauhiya hakulitarajia.

"Baba yako alipoyala, alisema nini?"

Rauhiya angeweza kumdanganya kwa maneno matamu, lakini aliona ameshamchukulia vya kutosha. "Hakusema kitu. Alikula huku akizungumza habari za mpaka."

"Hilo ndilo linaloniuma," akasema Nadhiri. "Ningeibiwa na mtu akasema ni tamu, ningesamehe upesi zaidi."

Rauhiya akamwomba ampe nafasi ya kulipa kwa mikono yake. Akamwamuru Dahnaji asichukue tena hata punje isiyokuwa yake, na amfanyie Nadhiri kazi ya shamba kama kibarua, na jini akakichimbua kisima mpaka kwenye mwamba, maji yakapanda yakiwa baridi na matamu. Naye binti Sultani akakaa kibandani na Bi Hababa, akipanga matikiti, akiita wapita njia, akiwaonjesha na kuwahakikishia kwamba hapana mashetani. Watu walianza kusimama. Nadhiri alimfundisha kugonga tikiti na kusikiliza, na kwa kusikiliza huko vichwa vyao vilikaribiana, na Bi Hababa aliona akajifanya anatafuta kamba.

Kabla mwezi haujaandama Rauhiya akarejea Tarmuzi na kumweleza baba yake yote. Sultani akaamuru atandikiwe ngamia. Akaenda mwenyewe kila soko na kila kibanda, asitangulize askari wala tarumbeta, akawaomba radhi wakulima mmoja mmoja, na akawafidia kutoka hazina yake halali mpaka kila mmoja akasema nimeridhika. Alipofika Sumra akaketi juu ya mkeka, akala tikiti mpaka ganda jeupe, na midomo yake ikilowa akamwambia Nadhiri, "Ewe kijana, nimekaribisha wafalme kwa jasho lako na sikujua jina lako. Omba utakalo."

Nadhiri akainama kwa taadhima, akasema hana la kuomba ila moja, na hilo hathubutu. Rauhiya, aliyefuatana na baba yake, akasema kwa ajili yake, kwamba yeye mwenyewe amemridhia awe mumewe. Sultani akacheka mpaka ngamia wakageuza shingo, akaita kadhi, na akaahidi kuwajengea kasri la marumaru pale pale bondeni.

Bi Hababa akasogeza ushungi wake. "Ahsante, Seyyid wangu. Lakini marumaru haibebi matikiti. Tutengenezee njia, punda wanaumia kwato."

Basi ikatengenezwa njia pana kutoka Tarmuzi hadi kisima cha mwisho, na kando yake vikaota vibanda kama uyoga baada ya mvua, na watu wa mjini wakawa wanatoka na vikapu vyao kwenda kuonja na kuzungumza na waliolima. Harusi ilidumu mpaka akiba ya asali ikaisha. Rauhiya akamvua Dahnaji kifungo kwa kuivunja pete juu ya jiwe, na jini akamshukuru, akaruka kwenda kwa ndugu zake katika milima ya chumvi. Nadhiri akatajirika kwa jasho lake, nao wakaishi kwa raha na heshima, na watoto wao wakakulia mashambani na kasrini kwa babu yao sawasawa.

Tuliyopokea ni hayo, na mafundisho yake hayajifichi: neema inayokujia mezani ina mwenyewe, basi muulize jina lake ungali unatafuna, kisha nenda ukamsalimie.