Nanga ya Pimbi na Jiwe la Ghuba

Hapo zamani za kale, maziwa yalipokuwa bado hayajapewa majina, wanyama walijenga nyumba, wakalima bustani, na siku ya mapumziko wakapanda mashua kwenda kustarehe majini. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye muhogo mdomoni, meza kwanza, maana hadithi hii ina mahali pa kucheka na sitaki mtu apaliwe.

Palikuwa na ghuba moja yenye kisiwa cha mawe katikati. Wenye mashua walikwenda huko na vikapu vya chakula, wakatia nanga karibu na kisiwa, wakala, wakalala, kisha wakarudi nyumbani.

Mwenyekiti wa ghuba alikuwa Nyati, na alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake. Ufukweni palikuwa na mzani mkubwa wa magogo. Upande mmoja lilikaa jiwe lililoitwa Jiwe la Ghuba, na upande wa pili kila mwenye mashua aliweka nanga yake. Nanga ikilishinda jiwe kwa uzito, mashua inapita. Ikishindwa, mashua inabaki nchi kavu, na mwenyewe anakula chakula chake mchangani huku akiwatazama wenzake.

Msiicheke haraka desturi hiyo. Ililetwa baada ya upepo kuichukua mashua ya Swala watoto wakiwa ndani, na hawakurudi. Ubaya wake ni mmoja tu: ilitungwa na wenye mashua kubwa.

Sasa, Pimbi mnamjua. Ni mnyama mdogo wa kwenye majabali, hana mkia, na akikutazama utadhani ana jambo analolificha. Mara nyingi analo. Mashua yake ilikuwa ndogo sana hata Tembo angeweza kuivaa mguuni. Nanga ya kulishinda Jiwe la Ghuba ingeizamisha kabla haijatoka ufukweni.

Nyumbani kwa Pimbi alikaa mama mkwe wake, Bibi. Na mambo ya ukweni mnayajua: mkwe akikuomba kitu, huna pa kukimbilia. Lakini Bibi hakuwahi kuomba kitu, hata chumvi. Alizaliwa kule kisiwani, akaletwa bara siku ya harusi yake, akazeekea huku. Macho yake yalikuwa yanafifia. Asubuhi moja akamwita mkwewe kando.

"Baba," akasema, "nataka kuyaona mawe ya kwetu kabla giza halijanifunga kabisa. Siwezi tena kuyapanda. Nikae tu karibu, nitazame."

"Tutakwenda, mama," akajibu Pimbi, wala hakujua watakwendaje.

Akaanza kutafuta nanga. Kwanza alifunga jiwe la kiasi chake, akaenda kulijaribu kwenye maji ya karibu. Akalala kidogo, akaamka yumo katikati ya matete, ndege wanamshangaa. Akajaza kokoto kwenye chungu, chungu kikagonga mwamba, pwaa, kokoto zikabaki ziwani na yeye akabaki na kamba. Akaenda kwa Nungunungu, fundi chuma, akaonyeshwa nanga nzito ambayo mavuno yake yote yasingeitosha. Fundi mwenyewe alimshauri asiinunue, maana angezama nayo.

Siku moja alimkuta mkewe akilima viazi. Jembe likivutwa kwa chini linazidi kuingia udongoni. Likiinuliwa juu linatoka bila ugomvi. Pimbi alisimama akatazama, akatazama, mpaka mkewe akamuuliza kama siku hiyo hana kazi.

Basi alichukua majembe mawili yaliyochakaa, akampelekea Nungunungu, naye akayaunga kwenye fimbo moja ya chuma. Mbele ya fimbo wakafunga kipande cha mnyororo kilichowahi kushika ndoo ya kisimani. Halafu nyumba nzima, Bibi akiwamo, ikakaa barazani kusokota kamba ya katani. Pimbi aliijaribu nanga ile tena na tena. Kamba ikiwa fupi, nanga inarukaruka tu chini. Kamba ikiwa ndefu, mnyororo unailaza, majembe yanang'ata, na mashua inatulia. Usiku huo alilala vizuri.

Siku ya mapumziko ikafika. Bibi alivaa kanga zake za sanduku, akawa wa kwanza kuingia kwenye mashua, akaketi na mkono juu ya ubao. Pimbi akapeleka nanga yake mzanini.

Fyuu! Jiwe la Ghuba likashuka, nanga ikapaa juu. Ufuko mzima ukacheka. Fisi alicheka mpaka akakaa chini, lakini huyo hacheki kwa sababu.

Nyati hakucheka. Alimwambia Pimbi kwa upole kwamba anasikitika, ila yeye ndiye aliyetumwa na baba yake, angali kijana, kumpa Swala habari ya watoto wake, na hataki kwenda tena kwenye nyumba ya mtu na habari kama ile. Mashua irudishwe mchangani.

Pimbi akageuka, akamwona Bibi amekaa vilevile, uso ameuelekeza kisiwani, anangoja safari ianze. Hapo ndipo hila ikamjia.

"Mzee, umesema haki," akasema. "Nanga isiyoshika ni mauti. Lakini mzani hauvuti mashua. Upepo ndio unaovuta. Na hapa ufukweni mwenye nguvu za kufanana na upepo ni wewe peke yako."

Masikio ya Nyati yakatikisika. Akauliza Pimbi anataka nini hasa.

"Nitaichomeka nanga yangu pale kwenye mchanga uliolowa. Uivute. Ukiiburura mpaka hapa mzanini, mashua yangu ni yako, wanao waifanye chombo cha kunywea maji. Ikikushinda, nipite."

Bibi aliyasikia yote. Safari yake ilikuwa imewekwa kwenye pembe za Nyati, naye akaukaza ule mkono uliokuwa juu ya ubao.

Pimbi akailaza nanga mchangani, akaivuta kidogo mpaka ncha za majembe zikaingia, akainyoosha kamba yote kuelekea nchi kavu. Nyati akaja. Lakini hakwenda mwisho wa kamba. Alikwenda moja kwa moja akasimama juu ya nanga yenyewe, akainamisha kichwa, akaushika mnyororo kwa meno.

Pimbi akaiona hatari. Kutoka pale, mtu angeing'oa kama kiazi.

"Vizuri, mzee," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Simama hapohapo, ni karibu. Hapo hutachoka."

Nyati akainua kichwa. "Nani kakwambia nachoka?"

"Hakuna, mzee. Nilifikiria umri tu."

Nyati akauacha mnyororo. Akarudi nyuma hatua chache, akaishika kamba kwa meno. Pimbi akamsifu, akasema hapo sasa ni mbali ya kutosha, vijana wenyewe wasingeweza kuvuta kutoka hapo. Nyati akamtazama kwa jicho moja, akaendelea kurudi nyuma, akaenda, akaenda, mpaka akafika mwisho kabisa wa kamba. Huko akaipitisha kifuani, akachimba kwato zake.

"Sasa tazameni," akasema.

Akavuta. Kamba ikalia ng'rrr. Majembe yakazama. Akavuta tena, mishipa ikamtoka shingoni, majembe yakazama zaidi. Kadiri alivyokuwa na nguvu ndivyo nanga ilivyokwenda chini. Mwishowe akamtazama Tembo pembeni, kwa aibu, bila kumwita. Tembo akaelewa, akaja, naye akaipitisha kamba kifuani. Wakavuta wawili, ng'rrr, ng'rrr, mpaka mnyororo nao ukamezwa na mchanga, ikabaki kamba inayotoka ardhini kama mzizi. Wakakaa chini, wanatweta.

"Umeshinda," akasema Nyati alipopata pumzi. "Nenda ghubani." Halafu akaanza kutabasamu, kwanza kidogo, kisha meno yote yakaonekana. "Ila itoe kwanza. Mimi na Tembo imetushinda. Wewe utaitoa kwa nguvu gani? Mashua yako imetiwa nanga nchi kavu, bwana, na itakaa hapo mpaka wajukuu zako wazeeke."

Ufuko ukacheka upya, na safari hii hata wenye huruma walicheka. Pimbi alikuwa bado hajafungua mdomo walipomwona Bibi anashuka kwenye mashua.

Alishika kamba. Macho hayakumsaidia sana, lakini kamba ile aliisokota kwa mikono yake mwenyewe, na mikono iliijua. Akaifuata polepole, akiikunja begani, mpaka akafika pale inapoingia ardhini. Akasimama juu yake kabisa. Akaitikisa huku, akaitikisa kule, taratibu, kama anayemwamsha mtoto. Kisha akavuta kwenda juu.

Chopo!

Nanga ikatoka, inachuruzika mchanga. Hakuna aliyecheka.

Nyati alitazama shimo, akamtazama Bibi, akamtazama Pimbi. "Ulijua," akasema. "Ungeniambia nisimame hapo."

"Ulikuwa umesimama hapo, mzee," akajibu Pimbi. "Ukaondoka mwenyewe."

Tembo akageuka upande wa pili, mabega yanamtikisika. Nyati alikasirika, tena sana, na kama angetaka angeweza kuivunja mashua ile kwa kwato moja. Lakini alikuwa ameahidi mbele ya watu. Tena alikuwa anafikiri, na kufikiri kulimchukua muda kidogo. Alitazama mzani wake, akatazama ile kamba ndefu begani kwa kizee. Akasogea pembeni, njia ikawa wazi, Pimbi na mkewe wakapanda mashua pamoja na Bibi.

Kule kisiwani Pimbi aliielekeza mashua penye upepo, akaishusha nanga polepole bila kuirusha, akaacha upepo uirudishe mashua nyuma huku kamba ikifunguka. Alipoifunga aliivuta kidogo kwa mkono, akaisikia imeng'ata. Kisha akatazama mti mmoja wa kisiwani na jiwe lililo nyuma yake, apate kujua kama wanasogea. Mti na jiwe vikabaki mahali pake.

Mchana upepo ukaanza. Mashua kubwa zenye nanga za kulishinda Jiwe la Ghuba, zilizofungwa kwa kamba fupi, zikaanza kuteleza moja moja. Wanyama waliruka kushika makasia, wali bado midomoni. Nyati alipita mbele ya Pimbi akirudi nyuma taratibu na mashua yake, ametazama mbele kwa heshima zote, kana kwamba ndiko alikokuwa akienda. Alipofika usawa wao akauliza, kwa sauti ya chini, kamba ile ina urefu gani. Pimbi akamwambia ukweli wote, hakumficha kitu.

Bibi hakuwaona. Alikuwa ameinua uso kuelekea mawe ya kwao, na jua lilikuwa juu yake. Mawimbi yakaigonga mashua ubavuni.

"Baba, tunaondoka?" akauliza.

"Hatuondoki, mama. Imeshika."

"Basi niacheni nitazame."

Wakamwacha akatazama mpaka akatosheka, na mimi nawaacha nanyi na neno moja tu, watoto: kinachokukatalia ukikivuta kwa mbali, kisogelee mpaka usimame juu yake.